Maua ya mukuba: nani amehesabu?

Raporti nyingi za mazingira za sosiete za madini ziko na foto ya mutu anapanda muti. Chini ya foto wameandika hesabu ya miche: elfu fulani. Foto ni nzuri. Sisi wa sendika tunauliza kitu kimoja tu: kisha mvula tatu, miche mingapi ingali mizima? Jibu hatulipate, juu hakuna mutu analipwa kwenda kuhesabu. Wanaolipwa ni watu wa kutwa, wenye kuchimba mashimo na kupanda. Kazi ya kupanda ikiisha, kontra yao nayo imeisha, na kiangazi kikifika hakuna wa kumwangia miche maji. Ku karyeri wanasema wazi: «Ile miti banaipandaka juu ya foto.»

Na shauri si la miti peke yake. Milima yetu ya mukuba, kuanzia huku Lubumbashi mpaka kule Kolwezi, iko na mimea ambayo haipatikani pengine mu dunia nzima. Wazee walijua kuisoma: pale miti inakataa kuota, na chini kumejaa ua dogo la rangi ya zambarau, lile wanasayansi wanaita Haumaniastrum katangense, mara nyingi mukuba uko pale. Hata wenye kutafuta mambo ya kale walilifuata ua hilo ili wapate mahali wahenga waliyeyushia mukuba. Wanasayansi wamehesabu aina zaidi ya 30 za mimea zenye kuishi paka ku udongo huu wa mukuba. Na sisi tunaishi kwa kuchimba milima ile ile. Hatusemi karyeri zifungwe, watoto wanakula kwa kazi ile. Lakini sosiete ikituambia «maua tumeyaokoa», tuko na haki ya kuuliza: mumejua namna gani?

Kuuliza hivyo si kutafuta maneno. Hata wanasayansi wanaulizana. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba mimea kadhaa ya Katanga inavuta mukuba na kobalti nyingi sana mu majani yake. Wengine waliota kuchimba madini kwa kuvuna majani. Mu 2007, Michel-Pierre Faucon, Mylor Ngoy Shutcha wa UNILU na Pierre Meerts walitoa matokeo ya jaribio moja rahisi. Walifanya kile kila mama anafanya na sombe mbele ya kuitwanga: waliosha majani. Kisha wakapima. Hesabu ilishuka. Sehemu kubwa ya kile watu walikuwa wanapima ilikuwa vumbi iliyobandamana ku jani! Mutumikaji mwenye kurudia nyumbani kutoka karyeri na kuona rangi ya maji anayoogea hatashangaa.

Kuko mufano mwingine, na huo unatusumbua kidogo sisi wenyewe. Mimea miwili ni kama ndugu: Crepidorhopalon tenuis na Crepidorhopalon perennis. Uchunguzi uliotoka mu 2012 ulionyesha kwamba tenuis inaota kwa wingi hata ku udongo ambao kazi ya madini imekwisha kuuvuruga. Bosi akisikia hivyo atafurahi: basi, tuchimbe tu, maua yatarudi. Hapana. Ndugu yake perennis inajulikana mahali pamoja tu, ku Étoile, hapa karibu na muji. Ile ikikosa pale, imekwisha. Kwa hiyo raporti yenye kusema «mimea ya mukuba inavumilia» haijasema kitu. Mumea gani? Ku kilima gani? Na nani alirudi kuangalia?

Wasomaji wa Penga Penga wanajua sababu tunalilia jambo hili. Tangu 1911 moshi wa kiwanda cha kuyeyusha mukuba ulikuwa unapelekwa na upepo upande wao. Udongo ukawa muchungu, majani yakakufa, ardhi ikabakia uchi, na mvula inauchukua udongo huo mpaka mu viwanja. Shutcha na wenzake walikwenda kujaribu pale. Sehemu zingine walizitia chokaa na mbolea, zingine hapana. Walipanda majani ya aina mbalimbali, halafu wakafuata miaka 3, kiangazi na mvula. Majani yaliyovumilia muzuri zaidi, pale udongo ulipotengenezwa, ni Microchloa altera, majani madogo ya ku milima ya mukuba yenyewe. Angalia basi: dawa ya kufunika vumbi ya Penga Penga ilitoka ku milima ile tunaendelea kupeleka ku kiwanda.

Ulaya nako wamelipa mafranga bure. Uingereza walijenga madaraja ya nyaya juu ya barabara ili popo wavuke bila kugongwa na magari. Watafiti walikwenda usiku kuhesabu, wakatoa matokeo mu 2012: popo wengi hawakuyajali, walipita pale walizoea kupita, mbele ya magari. Ku Cambridge wamefanya kazi ya kukusanya majaribio kama hayo, yale yalifaulu na yale yalianguka. Yale yalianguka njo tunayapenda zaidi, juu raporti zetu hazina hata moja.

Code minier iliyorekebishwa mu 2018 inadai sosiete ichunguze madhara kwa mazingira na kwa watu, na isaini cahier des charges na wakaaji. Ndani ya karatasi hiyo tunataka maneno yafuatayo yaingie. Kipande cha kilima kibakie bila kuguswa, ili kuwe na kitu cha kulinganisha. Mimea ihesabiwe mbele ya kuhamishwa, halafu mwaka 1 na miaka 3 kisha. Watu wa UNILU wahesabu pamoja na watumikaji wa pepinieri, wenye kontra ya kweli. Na matokeo yabandikwe ku kartye, hata yakiwa mabaya.

Watatuambia ni bei kali. Lakini kupanda miche elfu yenye kukauka nako ni bei, tena wanailipa kila mwaka. Hesabu ya kwanza haihitaji mashine: inaweza kufanywa Septemba hii, mbele ya mvula kunyesha, wakati majani yote yameungua na muti ungali muzima unaonekana kwa macho.