Kiti Kilichochorwa kwa Ajili ya Wagonjwa

Sisi tukitaja kiti hufikiri miguu minne, mahali pa kukalia na mahali pa kuegemea. Nami nilifikiri hivyo mpaka Mwalimu wetu wa useremala alipotuonyesha picha ya kiti kisicho na miguu kama tuijuavyo. Darasa zima tulicheka. Mwenzetu mmoja akasema ni ubao ulionyeshewa mvua ukapindika.

Kiti hicho chaitwa Paimio, kwa jina la mji wa kusini-magharibi ya Ufini ambako hospitali kubwa ya kifua kikuu ilijengwa, ikafunguliwa mwaka 1933. Aliyeichora ni Alvar Aalto, akishirikiana na mkewe Aino. Yafaa tukumbuke ya kuwa siku zile ugonjwa huo haukuwa na dawa. Streptomycin ilipatikana mwaka 1943. Tiba ilikuwa kupumzika, hewa safi na jua, miezi kwa miezi. Shangazi yangu alipougua alimeza vidonge miezi sita, akapona. Mgonjwa wa Paimio alikaa tu akingoja. Basi kwake kiti hakikuwa pambo.

Sasa litazameni umbo lake. Kiegemeo kimelazwa nyuma, kwa pembe ambayo Aalto aliona itamsaidia mgonjwa kupumua kwa wepesi. Penye kichwa pana vipenyo vya kupitisha hewa. Hakuna mto wala kitambaa ambamo vumbi lingejificha. Tena, ingawa ni ubao mtupu, haumwumizi mkaaji, maana ubao wenyewe hunesa. Kila upande pana pete moja kubwa ya mti: juu ni mkono, chini ni mguu.

Wakati ule viti vya mabomba ya chuma vilikuwa vikisifiwa sana. Marcel Breuer alitengeneza chake huko Ujerumani mwaka 1925. Aalto naye alivifikiria, lakini akaona chuma ni baridi mno kwa mwili wa mgonjwa. Akageukia mti wa nchi yake, uitwao betula.

Lakini mti hupindwaje? Mimi nilijaribu. Nililoweka ubao wa mninga usiku kucha, nikaubana kwenye jiliwa nikauvuta, ukavunjika kwa kishindo, na Mwalimu akanidai ubao mwingine. Kosa langu lilikuwa unene. Aalto na mtengeneza samani Otto Korhonen walitumia tabaka nyembamba, wakazipaka gundi, wakazipanga moja juu ya nyingine na kuzibana katika kalibu. Tabaka nyembamba hupindika bila kuvunjika. Gundi ikikauka haziwezi kuteleza tena, na umbo hukaa vile vile. Katika ubao wa kukalia, nyuzi za tabaka moja hukingamana na nyuzi za tabaka ya pili, kwa hiyo haupasuki upesi.

Kiti hiki chatengenezwa hata leo na kampuni ya Artek, ambayo Aalto na wenzake waliianzisha mwaka 1935. Bei yake ni maelfu ya yuro, na wanunuzi si wagonjwa. Jambo hilo halinipendezi hata kidogo.

Mwalimu amekwisha niruhusu kujaribu tena muhula ujao, kwa vipande vyembamba. Nitaanza na kiegemeo peke yake.