Kuzamisha Kijiji Redioni

Kilomita chache kutoka mjini Kendu Bay, kaunti ya Homa Bay, lipo Ziwa Simbi Nyaima, duara la maji ya magadi ndani ya shimo la volkano. Wanajiolojia wana maelezo yao. Wenyeji wana yao: palikuwa na kijiji hapo. Usiku mmoja watu wakiwa kwenye pombe alikuja bibi kizee kuomba hifadhi, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemhurumia, naye akaambiwa awachukue watu wake waondoke. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama.

Filamu ingetumia mamilioni kukizamisha. Redio haihitaji hata ndoo ya maji, ila inahitaji mvua ya kweli, na hapo ndipo kazi ilipo. Fundi wa sauti akiweka kishindo cha mvua juu ya mabati, hadithi ya kale imeshahamia mjini. Nyumba za Simbi ziliezekwa kwa nyasi, na nyasi humeza mlio. Basi mvua isikike uani, ikipiga udongo na kujaza mitungi, huku ng'ombe wakihangaika zizini. Kabla yake wasikike wazee wakifyonza pombe kwa oseke, ile mirija mirefu inayotumbukizwa katika chungu kimoja. Bibi kizee anapobisha hodi, mfyonzo ukatike. Msimulizi wa nini tena?

Msimulizi ni kishawishi kikubwa kwa anayegeuza riwaya kuwa mchezo wa redio. Akipewa nafasi atasoma kitabu kizima, na waigizaji watabaki kuitikia.

Wakati mwingine ni mpangilio wenyewe wa riwaya unaovunjwa. Mwaka 1981 BBC ilirusha The Lord of the Rings, riwaya ya J.R.R. Tolkien, kwa vipindi 26 vya nusu saa vilivyoandikwa na Brian Sibley na Michael Bakewell. Wahusika wanapotengana, Tolkien husimulia safari ya upande mmoja kwa kurasa nyingi ndipo arudi kwa wengine. Msomaji hufunua kurasa za nyuma akisahau. Msikilizaji wa kila juma hana pa kurudi. Waandishi wakazisuka safari hizo pamoja. Tom Bombadil, kipenzi cha wasomaji wengi, akaachwa nje kabisa. Walilalamika, bila shaka, lakini hadithi ilitembea.

Nyanza, eneo lilipo Ziwa Simbi, ina riwaya inayostahili jaribio hilo. Grace Ogot, aliyewahi kuandika miswada na kutangaza BBC mjini London katika miaka ya 1950, alichapisha Miaha kwa Kijaluo mwaka 1983. Ndani yake Were, Mungu, amewapa watu jembe la ajabu: likiguswa ardhini, shamba hujilima lenyewe. Bibi harusi Nyawir anavunja mwiko, analima kwa nguvu zake, na tangu hapo binadamu hula kwa jasho.

Jembe linalolima lenyewe lina mlio gani? Pengine ni udongo kupinduka tu, bila pumzi ya mtu. Nyawir anapolishika, pumzi iingie: kwanza nyepesi, ya mtu anayefurahia kazi, kisha nzito. Fundi hawezi kuitoa hiyo kwenye maktaba ya sauti. Itabidi mwigizaji ashike jembe mwenyewe mbele ya kipaza sauti.