Umeteleza dukani ukavunjika mkono: ni kudra tu, au kuna wa kulipa?

Leo siasa naiweka pembeni kidogo, tuzungumze jambo linalotugusa mifukoni na mifupani.

Mtu akiumia ndani ya duka la watu, la kwanza anaambiwa ni "pole, kudra ya Mungu." Kudra ipo, hakuna anayebisha. Lakini mafuta yaliyomwagika sakafuni nusu saa nzima bila kupigwa deki hayo si kudra, ni uzembe. Na uzembe una mwenyewe.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya shangazi yangu. Alipanda gari la 310 kutoka hapa Makunduchi kwenda mjini kufanya manunuzi, akateleza ndani ya duka moja kubwa (jina silitaji), mkono ukavunjika. Alipewa nauli ya kurudia na pole mbili tatu. Shangazi analima mwani, na mwani haulimwi kwa mkono mmoja. Miezi mitatu hakuingiza hata shilingi. Nikimwambia kuhusu haki yake anajibu, "Mwanangu, mie nishindane na matajiri?" Basi nikaanza kusoma na kuulizia. Mie si wakili, nimemaliza skuli tu, ila haya ya msingi kila mtu anaweza kuyaelewa.

SHERIA INASEMAJE?

Mwaka 1932 majaji wa juu wa Uingereza waliamua kesi ya Donoghue na Stevenson. Mama mmoja kule Paisley, Scotland, alidai kakuta konokono aliyeoza ndani ya chupa ya soda. Hakuinunua mwenyewe, alinunuliwa na rafiki yake. Majaji wakasema mtengenezaji ana wajibu wa kumchukulia tahadhari yeyote anayeweza kudhurika kwa kazi yake. Msingi huo wa uzembe ndio unaotumika hadi leo katika mahkama zetu za Afrika Mashariki. Kenya wana hata sheria maalumu ya wajibu wa mwenye jengo kwa wanaoingia ndani.

Kwa hiyo ukitaka fidia unathibitisha mambo matatu: duka lilikuwa na wajibu wa kukulinda, halikuutimiza, na kwa sababu hiyo wewe ukaumia. Kuanguka peke yake hakutoshi. Ukijikwaa kwa kanzu yako mwenyewe, usimsumbue mtu.

KESI YA MTINDI

Hii ndiyo iliyonifurahisha. Mwaka 1974 mteja mmoja aliteleza kwenye mtindi uliomwagika katika duka la Tesco, Liverpool. Hakujua umemwagika saa ngapi, wala nani kaumwaga. Utasema kesi imekufa hapo. Wapi! Majaji wawili kati ya watatu wa rufaa walisema sakafu iko mikononi mwa duka, kwa hiyo duka ndilo lieleze lilikuwa na utaratibu gani wa kuisafisha. Halikuweza, likashindwa. Fidia ilikuwa pauni 137 na nusu. Jaji wa tatu alikataa, akasema ajali ile ingeweza kutokea hata duka likiwa makini. Hukumu za Uingereza haziwafungi majaji wetu, lakini huzisoma na kuzizingatia.

"SI ULIINGIA MWENYEWE?"

Utetezi huu utausikia sana. Mfano wake tunao hapa hapa nyumbani. Kwenye Mwaka Kogwa, anayeingia uwanjani kupigana kwa migomba anajua atapigwa na kakubali, huwezi kwenda kumshitaki mwenzio kwa alama ya mgongoni. Lakini aliyeingia dukani kununua sabuni hakukubali kuvunjwa mkono. Ila kama kulikuwa na kibao cha "sakafu imelowa" ukakiruka huku unachezea simu, mahkama inaweza kukupunguzia fidia, maana na wewe umechangia. Na lile tangazo la "uongozi hauhusiki na lolote" lisikutishe. Tangazo la ukutani si hukumu.

UFANYE NINI?

1. Piga picha ulipoangukia kabla hapajafutwa. Zitume kwenye barua pepe yako, simu huibiwa.
2. Chukua majina na namba za walioona.
3. Mwite msimamizi, aandike tukio, uombe nakala.
4. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hifadhi vyeti na risiti zote, hata za dawa. Gharama hizi hulipwa kwa ushahidi, si kwa kusema. Maumivu ndiyo jaji anayakadiria mwenyewe. Kipato ulichopoteza nacho kiandike.
5. Usitie saini karatasi yoyote ya "nimeridhika" kwa sababu ya elfu ishirini.
6. Andika barua ya madai. Mengi huishia hapa kwa suluhu. Ikishindikana, ni kesi ya madai katika mahkama za kawaida, kwa ngazi inayolingana na kiasi unachodai. Kwa Kadhi siko, kule ni ndoa, talaka na mirathi.

Kama wewe ni mfanyakazi wa duka, si mteja, yako ni njia nyingine: sheria ya fidia kwa wafanyakazi.

Pesa ya wakili huna? Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo tangu 1992, na wapo wasaidizi wa sheria hadi huku shamba. Muulize sheha akuelekeze.

USIKAE NA DAI

Dai lina umri. Tanzania Bara na Kenya, madai ya uzembe kama haya yana miaka 3. Zanzibar tuna sheria yetu ya ukomo, ya Bara haituhusu, kwa hiyo muone mwanasheria mapema, usihesabu miaka ya watu. Tena kampuni nazo hufa. Januari 2009 duka la Nakumatt katikati ya Nairobi liliungua na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Wakati ule Nakumatt ilikuwa jina kubwa kweli. Mwanzoni mwa 2020 wadai wake wakapiga kura ifungwe. Mwenye dai kwa kampuni iliyofilisika anapanga foleni na wadai wengine.

Maduka makubwa yanaongezeka mjini, na wateja wake ni sie na mama zetu. Duka linalojua kwamba mteja wa shamba anaweza kuandika barua ya madai litanunua mafagio zaidi, wallahi.

Nyie mnasemaje wadau? Kama kuna aliyewahi kudai akalipwa, aseme hapo chini alifanyaje. Na mwanasheria akipita, atusahihishe. Nawasilisha.