Kadenge na Mpira, na Wengine Je?

Ukitaka kuwaona watu wazima wa pwani wakigombana mjini Nairobi bila ya kutukanana, ngoja Ijumaa baada ya sala. Watu wakishatoka Msikiti wa Jamia, wengine hurudi makazini mbio mbio, wengine huelekea Soko la City, na kuna kikundi kimoja ambacho huingia mkahawani kwa chai ya maziwa na mahamri. Kwetu tungesema ni baraza. Hapa ni meza mbili zilizosukumwa pamoja, na mwenye mkahawa keshawazoea.

Ijumaa moja shauri lilikuwa hili: katika wachezaji wa kandanda wa Kenya, ni nani aliyesifiwa kupita kipimo chake, na ni nani aliyenyimwa haki yake?

Kijana mmoja, mzaliwa wa Mombasa ambaye kazi imemfanya akae Kangemi, ndiye aliyerusha jiwe mzingani.

"Ami zangu, msinikasirikie. Mimi naona Joe Kadenge alisifiwa mno."

Lau angalisema mtume mzee mmoja akanunue nyama ya nguruwe, wasingalishtuka vile. Kadenge! Mchezaji wa Maragoli United, kisha Abaluhya, klabu ambayo baadaye ilikuja kuitwa AFC Leopards. Kadenge ambaye jina lake lilitoka kwenye redio likaingia majikoni, hata mama aliyekuwa hajatia mguu uwanjani alijua kusema "Kadenge na mpira". Alipofariki Julai 2019, akiwa na umri wa miaka 84, nchi nzima ilimlilia.

Kijana hakurudi nyuma. "Katika nyinyi, nani aliyemwona kwa macho yake? Mlimsikia tu."

Hapo, msomaji, pakawa kimya. Mzee mmoja wa Kibokoni alidai alimwona mara mbili Mombasa. Waliobaki walikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani.

"Tena," kijana akaongeza, "zama hizo mnazozililia, siku ya Jamhuri ya mwaka 1965, Ghana ilikuja hapa hapa Nairobi ikatupiga mabao 13 kwa 2. Leo timu ikifungwa matatu mnasema mpira umekufa!"

"Mwanangu," mzee wa Kibokoni akamjibu taratibu, "Ghana ile ilikuwa imetoka kuchukua Kombe la Afrika mara mbili mfululizo, 1963 na 1965. Si timu ya mtaani. Na mwaka huo huo unaotucheka, bingwa wa ligi ya Kenya alikuwa nani?"

Kijana hakujua.

"Feisal! Feisal ya Mombasa! Na mpaka leo hakuna klabu nyingine ya mji wetu iliyorudia jambo hilo. Wewe mwana wa Mombasa hujui, lakini Kadenge unamjua. Basi usiulize kama Kadenge alisifiwa mno. Uliza kwa nini Ali Kajo hakusifiwa vya kutosha."

Mimi naona mzee alilipiga gozi katikati. Sifa za mchezaji katika zama zile hazikupimwa kwa mizani. Zilipimwa kwa kipaza sauti. Sauti ya Kenya ilikuwa Nairobi. Aliyecheza mbele ya mtangazaji alichezea nchi nzima. Aliyecheza Mombasa alichezea waliokuwa wamekaa uwanjani siku ile, na hao wanapungua kila mwaka. Cha kuchekesha ni kwamba mmoja wa watangazaji waliotamba kabisa, marehemu Leonard Mambo Mbotela, alikuwa mtoto wa Frere Town. Sauti ya pwani ndiyo iliyowapamba wachezaji wa bara!

Sisemi Kadenge hakustahili. Yule aliyesifiwa na nchi nzima alikuja kuendesha teksi katika mji huu huu. Mtu kama huyo utamwekaje? Mdomoni alisifiwa mno, mfukoni alinyimwa. Hata uwanja wa City wa Barabara ya Jogoo ulitangazwa kupewa jina lake mwaka 2019, mwaka ambao tayari alikuwa anazikwa.

Na makipa ndio wanaodhulumiwa zaidi. Mahmoud Abbas alilinda lango la Harambee Stars katika zama ambazo Kenya ilitwaa Kombe la Chalenji mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Fainali ya 1982 ilichezwa Kampala, mbele ya Waganda wenyewe, ikaamuliwa kwa mikwaju ya penalti. Watu walimwita "Kenya One", na lakabu hiyo ni kubwa. Lakini waulize vijana wakutajie wachezaji watano bora wa Kenya. Watakutajia wafungaji watano. James Siang'a naye, kipa aliyekwenda na Kenya Kombe la Afrika 1972 kule Kamerun, pengine anakumbukwa zaidi Dar es Salaam kuliko hapa, kwa kuwa alikuwa mkufunzi wa Simba ilipoing'oa Zamalek ya Misri mwaka 2003.

Kijana alipoona amezidiwa hoja, alinialika kwake. "Njoo Kangemi Jumapili, uwasikie wa rika langu."

Nilipanda matatu, tukapita Westlands, tukafuata Barabara ya Waiyaki hadi Kangemi. Niliingizwa katika chumba chenye televisheni moja na vijana wasiopungua ishirini, wengi wao mashabiki wa Leopards. Kadenge kwao ni jina la babu. Ugomvi wao ulikuwa Victor Wanyama, ndugu yake McDonald Mariga, na Michael Olunga.

Wanyama alishinda kwa mbali. Wote walikumbuka Novemba 2012, alipopiga kichwa Celtic ikaifunga Barcelona 2 kwa 1. Mariga alipata medali ya ubingwa wa Ulaya na Inter mwaka 2010, lakini mmoja akasema, "Siku ya fainali alikuwa benchi." Ni kweli, alikuwa benchi. Bali kukaa benchi la timu ile, ambayo Mkenya mwingine hakupata kulikaribia, si jambo la kudharauliwa.

Nikauliza habari za Olunga. Mabega yakapandishwa. Nikawakumbusha kwamba Novemba 2019, huko Japani, timu yake ya Kashiwa Reysol ilishinda 13 kwa 1, na mabao manane yalikuwa yake peke yake. Mwaka uliofuata alifunga 28 katika daraja la kwanza, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi. "Lakini ni Japani," wakasema. Nani aliyemwona? Hakuna.

Nikacheka peke yangu. Walikuwa wakimtendea Olunga kama Nairobi ilivyomtendea Kajo, ila sasa kipaza sauti kimehamia Uingereza.

Ijumaa iliyofuata kijana alifika mkahawani mapema, na safari hii hakuja na ubishi. Alimwamkua mzee wa Kibokoni, akamwagizia chai, akamwuliza, "Babu, huyo Ali Kajo, mguu wake hasa ulikuwa upi?"

"Wa kulia," akasema mzee.

"La hasha!" akadakia mwenzake aliyeketi pembeni. "Wa kushoto! Nilikuwapo."

"Ulikuwapo wapi? Wewe ulikuwa Lamu!"

Walibishana hadi chai ikapoa. Kijana alikuwa ametoa kalamu na kipande cha karatasi, akiwatazama mmoja baada ya mwingine, hajui aandike nini. Mwadhini alipoadhini Alasiri wazee wakainuka, bado wakibishana, na chai akailipa yeye.