Kosa Dogo Lisizae Uadui

Mtoto atumwapo dukani akapotelea mchezoni, huo si uasi, ni utoto. Twawakumbusha hayo wazazi wote, na hasa wenzetu wa kaunti za Migori na Homa Bay, kandokando ya Ziwa Victoria, ambako Waislamu ni wachache na watoto wao husoma shule pamoja na wenzao wa dini nyingine, kisha wakaelekea chuoni kusoma Qur'ani.

Mtoto aliyeketi darasani tangu asubuhi, akinong'ona jioni wakati wa kisomo, huenda amechoka au ana njaa. Ustadhi akimsogelea, akamwita kwa sauti ya chini na kumpa aya ya kusoma, kosa hukoma. Akimfokea mbele ya wenziwe, kosa hugeuka aibu, na aibu huzaa ukaidi.

Nyumbani ni vivyo hivyo. Aliyemwaga uji apewe kitambaa apanguse. Wanaogombania mpira, uwekwe kando hadi watulie. Adhabu ilingane na kosa, isemwe mara moja na itimizwe. Mama au baba aliyeghadhibika na anyamaze kwanza, atie udhu, ndipo aseme.

Nchini Kenya viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza adhabu ya mwili pamoja na kumtesa mwanafunzi kiakili. Lakini sisi tuna mfano uliotangulia sheria hizo. Anas bin Malik, Mwenyezi Mungu amridhie, alimtumikia Mtume (S.A.W.) tangu utotoni. Siku moja alitumwa, akawakuta watoto wakicheza sokoni, akasimama nao. Mtume alimjia kwa nyuma, akamshika kisogoni. Anas alipogeuka alimwona akicheka. Akamwita jina lake kwa kulipunguza, kama aitwavyo kipenzi, akamuuliza iwapo amekwenda alikotumwa. Naye Anas akaenda.

Tazameni: amri haikufutwa, wala moyo wa mtoto haukuvunjwa.

Palipo na Waislamu wachache, mara nyingi chuo kilicho karibu ni kimoja tu. Mtoto akikichukia kwa sababu ya fimbo na matusi, hana kingine cha kukimbilia, na akimwogopa mzazi wake atajifunza uongo kabla ya adabu. Basi mama na ustadhi washauriane mapema, makosa yakiwa bado madogo.

Mwenyezi Mungu atujaalie subira, na awafanye watoto wetu kiburudisho cha macho yetu. Amin.