Sura ya Sita: Mstari Usio na Mshale

Chukua redio ndogo ya betri, ile inayoshika masafa ya kati, uitegee stesheni ya mbali wakati wa usiku. Sasa izungushe polepole juu ya meza bila kugusa kitu kingine. Sauti itapanda na kushuka, na kuna mahali itafifia hadi isikike kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Wazee waliokaa barazani kusubiri taarifa ya habari walilijua jambo hili bila kufundishwa: redio ina upande wake wa kusikia. Ndani yake mna kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba, na hicho ndicho antena. Kijiti kikilala kukingama na upande stesheni iliko, sauti inajaa. Ncha yake ikielekea kule kule stesheni iliko, sauti inakufa.

Basi tayari una chombo cha kutafutia njia. Sauti inapokufa, ncha ya kijiti inauelekea mnara. Lakini usiache. Endelea kuzungusha redio nusu mzunguko, na sauti itakufa tena, vile vile kabisa. Kijiti kina ncha mbili. Ni ipi inayoutazama mnara, na ni ipi inayoupa mgongo? Antena haijui. Imekupa mstari unaopita kwako na kwa mnara, lakini haikuuwekea mstari huo mshale.

Naomba ulijaribu jambo hili kwa mikono yako kabla ya kuendelea, kwa sababu habari inayofuata ni ya vijana tisa, na ningependa uielewe kwa vidole na si kwa kichwa peke yake.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Aprili 1943 vijana hao walikuwa wakirudi Libya kutoka Italia. Ndege yao ilikuwa B-24 Liberator, ndege ya Kimarekani ya mabomu yenye injini nne, iliyochorwa ubavuni jina Lady Be Good. Rubani alikuwa Luteni William Hatton na msaidizi wake Robert Toner. (Neno rubani tumelitoa baharini: kabla ya ndege lilikuwa jina la mjuzi wa njia za maji, mwenye kuviongoza vyombo hadi bandarini.) Katika ndege ya Hatton kazi hiyo ya kujua njia ilikuwa ya mtu mwingine, D. P. Hays. John Woravka alikuwa mdondosha mabomu, Harold Ripslinger fundi wa ndege, Robert LaMotte mtu wa redio. Guy Shelley, Vernon Moore na Samuel Adams walishika bunduki za rashasha. Kwa pamoja, ilikuwa safari yao ya kwanza ya vita.

Mchana wake ndege 25 za kundi lao, kundi la 376, ziliruka kutoka Soluch, kusini mwa Benghazi, kwenda kuipiga bandari ya Naples. Dhoruba ya mchanga ilikuwa inavuma, injini zikala vumbi, ndege kadhaa zikalazimika kurudi. Lady Be Good iliondoka pamoja na za mwisho. Ilipokaribia Naples, muda mfupi kabla ya saa 2 usiku, shabaha haikuonekana. Wakageuza, wakayamwaga mabomu baharini ili kupunguza uzito, wakashika njia ya nyumbani peke yao.

Njia hiyo ni zaidi ya kilomita 1,000, karibu yote juu ya maji, ukielekea kusini-mashariki. Nahodha anayeshuka kutoka Lamu kwenda Zanzibar ana pwani mkono wa kulia, ana visiwa, ana rangi ya maji, na kusi na kaskazi anazijua kama anavyozijua tabia za jirani yake. Hays alikuwa na giza juu na mawingu chini. Alichobaki nacho ni dira, saa, na makisio ya upepo. Mwenye kusafiri hivyo huhesabu: kwa mwendo huu na kwa upepo huu, saa fulani nitakuwa mahali fulani. Upepo wa nyuma ukiwa na nguvu kuliko ulivyokisia, utafika mapema, na saa yako itakuwa bado inakwambia uvumilie.

Saa 6:12 usiku Hatton aliita redioni. Chombo chake cha kutafutia mwelekeo kilikuwa hakifanyi kazi, akaomba asaidiwe. Kituo cha Benina, karibu na Benghazi, kilikuwa na antena ya kitanzi, ambayo kwa kanuni ni ndugu wa kile kijiti cha redio yako. Waliizungusha wakiisikiliza sauti ya ndege, wakapata inapofia, wakasoma nyuzi 330. Hiyo ni kaskazini-magharibi, upande wa Italia. Aliyeisikia namba ile aliona bahari, na ndege iliyo njiani inakuja.

Namba ilikuwa sahihi. Kwa miaka mingi hadithi hii imesimuliwa kana kwamba mtu alisoma vibaya, nami nadhani kuisimulia hivyo ni kuikosea. Chukua ramani, weka rula juu ya Naples na juu ya Benghazi, kisha uendeleze mstari ule ule ndani ya Afrika. Utapita karibu kabisa na mahali mabaki ya ndege yalipokuja kuonekana miaka mingi baadaye. Nyuzi 330 na nyuzi 150 ni mstari mmoja. Ndege iliyo baharini inaukaribia uwanja, na ndege iliyokwisha kuupita inazama jangwani, na kwenye kitanzi cha Benina zote mbili zinasomeka sawa. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba walikuwa wameshapita. Ukipiga hesabu ya saa na mwendo wa ndege, huenda wakati wa kuuliza walikuwa jirani sana na pwani, ama kabla yake kidogo ama baada yake kidogo. Kwa mstari hilo halibadilishi kitu. Wakishapita juu ya uwanja bila kuuona, namba inabaki ile ile, na kila dakika inaendelea kuwaahidi kwamba wako njiani.

Dawa ya ugonjwa huu ilijulikana tayari. Ya kwanza ni kuongeza antena ya pili, waya uliosimama wima. Waya huo husikia sawa kutoka pande zote, ilhali kitanzi hugeuza alama ya umeme wake, chanya ikawa hasi, chanzo kinapokuwa upande wa pili. Ukizijumlisha sauti hizo mbili, upande mmoja zinaongezeana nguvu na upande wa pili zinafutana. Mstari umepata mshale. Dawa ya pili ni kituo kingine kilicho mbali, nacho kitoe mstari wake, kwa kuwa mistari miwili hukutana mahali pamoja tu.

Ya tatu haihitaji chombo kipya, na ndiyo inayoniuma zaidi. Mwambie rubani ageuke aende mashariki dakika chache, kisha usome tena. Kama yuko baharini, kaskazini ya kituo, mstari utasogea kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa, kutoka 330 kuelekea 340. Kama yuko jangwani utasogea kinyume, kuelekea 320. Dakika chache za mafuta, na swali limejibiwa. Lakini ili ufanye hivyo lazima kwanza uingiwe na shaka. Watu waliokaa angani saa nyingi, safari yao ya kwanza, wakapewa na kituo cha nchi kavu jibu lile lile walilokuwa wakilitarajia, shaka wangeipata wapi? Siwezi kumtwika Hays mzigo huo, wala yule wa Benina.

Inasimuliwa kwamba uwanjani zilirushwa fataki za ishara. Ndege iliendelea kusini-mashariki. Saa 8 usiku, mafuta yakikaribia kwisha, wote tisa waliruka kwa parachuti. Ndege isiyo na mtu iliteremka yenyewe, ikasonga kilomita 26 zaidi, ikatua kwa tumbo kwenye tambarare la changarawe na kuvunjika nyuma ya mabawa. Ndege za kutafuta zilizotumwa kutoka Soluch hazikuona kitu. Ikaaminika kwamba bahari imewameza.

Wanane walikutana gizani. Woravka hawakumwona. Toner alikuwa na kijitabu cha kumbukumbu na aliandika humo maneno machache kila siku, na kwa sababu yake tunajua yaliyofuata. Maji waliyokuwa nayo ni nusu ya chupa moja ya kijeshi, kwa watu wanane. Waligawana kwa kipimo cha kifuniko cha chupa, kifuniko kimoja kwa siku. Mchana jua liliwaunguza hata macho yakaharibika, usiku baridi iliwanyima usingizi. Wakatembea kuelekea kaskazini-magharibi.

Yaani waliurudia mstari wao. Safari hii mshale ulikuwa sahihi, bahari ilikuwa kweli huko mbele, ila umbali hawakuujua. Soluch ilikuwa karibu kilomita 700 kutoka pale ndege ilipolala. Na nyuma yao, mwendo wa siku moja au mbili, ndege ilikuwa na maji, chakula na redio nzima. Waliowahi kuwaambia wanajeshi kwamba aliyeokoka asiiache ndege yake walikuwa na sababu, lakini vijana hawa waliiacha angani, nao hawakuwa na njia ya kujua imeangukia wapi.

Walivuka tambarare na kufika kwenye matuta ya mchanga ya Calanshio. Tarehe 9 Aprili watano hawakuweza tena: Hatton, Toner, Hays, LaMotte na Adams. Shelley, Ripslinger na Moore wakaendelea kutafuta msaada. Toner aliandika hadi Jumatatu tarehe 12, siku ya nane tangu waruke, na neno la mwisho ni kuhusu baridi ya usiku.

Mwaka 1958 watafutaji wa mafuta waliiona ndege kutoka angani, na mwaka 1959 watu wakaifikia. Redio ilifanya kazi, na kinywaji kilichokuwa ndani ya chupa ya chai kilikuwa bado kinanyweka. Parachuti hazikuwemo, ndipo ikajulikana kwamba waliruka. Timu za Jeshi la Marekani zilizotafuta jangwani zilianza kukuta alama njiani: viatu vya kurukia, vipande vya parachuti, jaketi za kujiokolea majini, vimepangwa kwa umbo la mshale na kukandamizwa kwa mawe, vyote vikiangalia kaskazini. Walikuwa wanamwonyesha njia yeyote atakayewafuata, na Woravka kwanza.

Februari 1960 watano walipatikana pamoja, zaidi ya kilomita 120 kutoka ndege ilipo. Wataalamu waliokuwa wamekisia kiasi gani mtu asiye na maji anaweza kutembea pale walikuwa wametaja chini ya nusu ya hapo. Mei walipatikana Shelley na Ripslinger, kila mmoja peke yake, zaidi ya kilomita 30 mbele ya wenzao, bado upande ule ule. Moore hajatambuliwa rasmi hadi leo.

Agosti alipatikana Woravka. Parachuti lake halikufunguka vizuri. Walipokuwa wakimwita usiku ule, alikuwa ameshakufa.