Fahamu: Tiba za macho yachokayo kuona karibu

Mshona nguo wa soko la Virunga mjini Goma, akishapita miaka 40, aghalabu huanza kuusogeza uzi mbali na uso ili apate kuutunga katika tundu la sindano; na sababu yake si maradhi, bali ni lenzi iliyo ndani ya jicho, ambayo kwa kupita miaka hukakamaa na kupoteza wepesi wake wa kubadili umbo jicho liangaliapo vitu vya karibu.

Ujana wa lenzi hiyo haurudishwi kwa dawa. Matone ya pilokapini, yaliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2021, huifinya mboni kwa saa chache tu, nayo huenda yakaleta maumivu ya kichwa; upasuaji wa kubadili lenzi una gharama na hatari zake. Kwa rai yangu, miwani ya kusomea, iliyo rahisi kuliko yote, ndiyo tiba bora: huko Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulidhihirisha kwamba mafundi na vibarua waliopewa miwani hiyo walizidisha kipato kwa thuluthi moja hivi. Hata hivyo anunuaye sokoni asiache kwenda kupimwa na tabibu wa macho, kwani maradhi ya glakoma aghalabu hula nuru ya jicho pasipo maumivu, na miwani haiifichui.